Tulimtoa mtoto kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri, tukamfundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) nyumbani: yaliyotupata kwa mwaka mmoja na nusu

Fundi Cherehani (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nyuzi za malezi humu nazisoma siku nyingi, leo naomba na mimi nieleze yetu, kwa sababu kila wiki kuna mzazi anayeuliza kama inawezekana kumfundisha mtoto nyumbani, na majibu mengi yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kujaribu.

Tunaishi Chanika, Dar es Salaam. Mume wangu ni fundi ujenzi, mimi nashona nyumbani, barazani. Watoto wawili, wa kiume wote. Mkubwa tulimpeleka chekechea akiwa na miaka mitatu na nusu, shule ya kulipia, mbali na kwetu. Sisi tulikuwa mwisho wa njia ya basi, kwa hiyo mtoto wetu alikuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kushushwa. Basi lilipita saa kumi na moja na robo alfajiri. Namwamsha saa kumi na nusu, namvalisha soksi akiwa bado amelala, nampakata mpaka barabarani. Jioni anarudi saa kumi na mbili kasoro, anakula macho yamefumba. Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa naisikia sauti yake.

Siku moja basi likapita kwetu bila kusimama. Nikakimbilia simu. Mtoto alikuwa amelala kwenye siti ya nyuma kabisa, matroni hakumhesabu, wakaondoka naye mpaka yadi. Dereva alimkuta wakati anafunga vioo. Walimrudisha kwa bodaboda saa mbili usiku, shati limelowa jasho. Hakulia. Alinishika shingo tu, hakuniachia mpaka alipolala. Usiku ule mimi na mume wangu tuliongea mpaka kukaribia alfajiri, na asubuhi mtoto hakwenda.

Nianze na tulikokosea. Wiki tatu za mwanzo niliigeuza sebule kuwa shule. Nikabandika ratiba ukutani, nikamvalisha sare, tukawa tunakaa chini kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Nilimpigia kelele. Siku moja nilimchapa mkono na rula ya kushonea kwa sababu alichanganya b na d. Akaanza kujificha chini ya meza ya cherehani kila akiniona nimeshika daftari. Mume wangu ndiye aliyeniambia, kwa upole sana, "Mama, basi tumelikimbia, sasa wewe ndiye umekuwa basi." Nilitoka nje nikalia. Siku iyo hiyo ratiba ikatoka ukutani na rula ikarudi kwenye kazi yake.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Masomo ya kukaa chini ni dakika 20 asubuhi baada ya uji na dakika 20 jioni jua likipoa. Basi. Muda mwingine wote mtoto yuko nasi kwenye kazi zetu.

Kusoma tulianza na vizibo vya soda. Niliokota kwa mangi wa jirani kama 60, nikaviosha, nikavigonga kingo na nyundo visimkate, nikaandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, herufi ndogo, kizibo kimoja herufi moja. Sikumfundisha majina ya herufi. Nilimfundisha mlio. Nikiweka m, tunafumba midomo, mmmm. Nikisogeza a pembeni yake, midomo inafunguka yenyewe: ma. Nikirudia, ma na ma, mama. Halafu nabadilisha kizibo kimoja tu. Mama inakuwa mala. Inakuwa lala. Inakuwa kala. Mtoto alikuwa anacheka kuona neno zima linageuka kwa kizibo kimoja. Kiswahili kimetupa zawadi kubwa hapa: herufi a ina mlio mmoja leo na kesho, kwenye kaka na kwenye Kariakoo. Mtoto akishashika irabu tano na konsonanti chache, anaanza kusoma maneno ambayo hajafundishwa na mtu.

Siku yenyewe siisahau. Nilikuwa nimejifunga kanga, naanua nguo. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, macho yako usawa wa pindo. Nikasikia, polepole, kama mtu anayepanda ngazi: "NA… NI… KA… MA… MA… MA." Akarudia. "Nani kama mama." Akanyanyua uso: "Mama, nguo yako inaongea." Maneno matatu yale yana herufi tano tu, n, a, i, k, m, na zote alikuwa nazo kwenye vizibo. Herufi kubwa alizijulia kwenye mifuko ya saruji ya baba yake. Alikuwa na miaka minne na miezi tisa. Tangu siku ile kanga zangu zote zikawa vitabu, akamaliza za kwangu akaenda kufungua sanduku la bibi yake.

Hesabu tulifanyia kwenye kopo la vifungo. Shati moja vifungo saba. Mashati mawili je? Anapanga, anahesabu, ananikabidhi. Jozi alizijulia kwenye doti za kanga. Baba yake Jumapili alikuwa anamchukua saiti kama ni karibu, amevaa kofia kubwa kuliko kichwa. Akarudi siku moja anatafuta pima maji, anataka aone kama meza ya chakula imelala sawa. Tone la hewa likakaa upande, akaenda kuokota kipande cha boksi akakunja, akaweka chini ya mguu wa meza, akapima tena. Hakuna daftari linaloweza kufundisha kile.

Uzi umeshakuwa mrefu. Maswali nitajibu usiku nikimaliza kushona.

Baba Mapacha

Dada hongera. Mimi nina swali moja la kisheria. Mtoto asipokuwa shule hamtafuatwa na serikali ya mtaa? Na mtihani atafanyia wapi?

Fundi Cherehani

Swali muhimu kaka, na ndilo linalowafanya wengi wapotoshane humu. Sisi hatukumtoa mtoto shule ya msingi. Tulimtoa chekechea. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inataka mtoto aliyefika miaka 7 awe ameandikishwa shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka miaka 6 kuwa umri wa kuanza darasa la kwanza, na elimu ya lazima imekuwa miaka 10. Kwa hiyo anayesema atamfundisha mtoto nyumbani mpaka la saba kwa Tanzania yetu ajue anagombana na sheria, na mimi simshauri mtu hivyo. Ninachosema ni miaka ile ya mwanzo, mitatu mpaka mitano au sita, ambayo watu wameikimbizia kwenye mabasi kana kwamba mtoto atakosa chuo kikuu.

Kumbukeni serikali yenyewe ililiona tatizo la watoto wadogo kukaa mbali na wazazi. Mwaka 2023 ulitoka waraka wa kuzuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Watu walilalamika sana. Mimi nilishukuru.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali mwaka wa kumi na mbili sasa. Naunga mkono vizibo, na naunga mkono zaidi kufundisha mlio kabla ya jina la herufi. Wazazi wengi wananiletea mtoto anaimba "a, be, che, de" kwa mbwembwe lakini ukimpa neno "baba" anasoma "be-a-be-a". Kumtoa huko ni kazi ya muhula mzima.

Lakini dada, naomba nikwambie kitu ambacho wazazi wa nyumbani hawakioni. Mimi nina watoto zaidi ya mia darasani. Kila Januari napata wawili watatu ambao shida yao si kichwa, ni masikio au macho. Mmoja mwaka juzi alikuwa anakaa nyuma kimya, mama yake aliniambia "huyu ni mtaratibu tu". Kumbe sikio la kushoto lilikuwa linatoka usaha tangu ana miaka miwili. Nyumbani mtamzoea. Mtapaza sauti bila kujua kwamba mnapaza, mtaelewa maneno yake nusu nusu kwa sababu ni wenu. Mtu wa nje ndiye anayeshtuka. Kwa hiyo anayemweka mtoto nyumbani asiiache kadi ya kliniki kabatini eti chanjo zimeisha. Simama nyuma ya mtoto, mnong'oneze jina lake, uone kama anageuka. Mwambie asome maandishi ya ng'ambo ya barabara. Mtoto wa miaka mitatu ambaye watu wa nje hawamwelewi anachosema, mpeleke hospitali, usingoje.

Na la pili: kusubiri zamu. Kuna watoto wanaokuja wanajua kusoma vizuri sana ila hawajawahi kungoja mwenzao amalize kuongea. Hao wanateseka kuliko asiyejua hata a.

Fundi Cherehani

Mwalimu, Mungu akubariki. Hilo la masikio sikuwahi kulifikiria na nimetoka kumnong'oneza mdogo sasa hivi akiwa amenipa mgongo. Amegeuka.

La zamu umesema kweli na lilitusumbua. Wa kwetu alikuwa akicheza mdako na watoto wa jirani akikosa anachukua kokoto zake anarudi ndani. Hapo sikumtetea. Nilimwacha akose, arudi, aombe kuingia tena. Saa kumi jioni geti linafunguliwa, anacheza kombolela na rede na watoto wa mtaa mpaka magharibi, wakubwa kwa wadogo. Ijumaa bibi yake anakusanya wajukuu na majirani, vitendawili. Ukitaka kujifunza kungoja zamu, kaa kwa bibi yetu. Anasema "Kitendawili!", wote "Tega!", "Popoo mbili zavuka mto", na ukiropoka kabla hajakuangalia hupewi zamu ya kutega wewe.

Mswahili wa Likoni

Shukran kwa uzi huu. Huku Kenya sheria ni kali vilevile, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yasema elimu ni lazima, na mzazi ndiye wa kuulizwa. Lakini mwaka 2020 shule zilipofungwa Machi, wanetu wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Ndipo nilipojua kuwa naweza kumsomesha mwanangu. Chuoni kwa maalim aliendelea na herufi za Kiarabu, nyumbani mimi na yeye tulisoma Kiswahili. Na nilijua pia kuwa siwezi kila kitu. Alipofika hesabu za kugawanya nilikwama, nikamwomba kaka yangu. Ni vyema mtu akubali mapema mahali anapokwama.

Baba Mapacha

Na Kiingereza je? Mimi nawapeleka wangu shule za Kiingereza kwa sababu sekondari yote ni Kiingereza. Nikiwafundisha Kiswahili nyumbani si nitawachelewesha?

Fundi Cherehani

Kaka, hapa naomba nisimame imara. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu katika maisha yake. Akishajua kwamba alama zile zinatoa mlio na mlio unatoa neno, ameshajua kwa lugha zote. Sasa mfundishe siri hiyo kwa lugha anayoiota usiku, na ambayo herufi zake hazibadiliki. Kiingereza herufi moja ina milio mitatu minne, mkubwa mwenyewe anababaika. Mtoto wa miaka minne anayefundishwa kusoma kwa lugha asiyoielewa anakariri umbo la neno, anaimba, na wewe unalipa ada ukidhani anasoma. Wa kwetu tulipomaliza Kiswahili ndipo tukaanza vitu vya Kiingereza kwa mdomo tu: salamu, rangi, vyombo vya jikoni. Anaviokota haraka.

Kuna jambo lilinifundisha mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye saa, nilimwonyesha saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 7, mimi nasema saa moja. Akaniangalia kama namdanganya. "Mama, ile ni saba." Nikakwama. Sijawahi kuelezwa na mtu, nilikua nikijua tu. Baba yake akamwambia: sisi tunahesabu tangu jua lilipochomoza, ile saa ya kwanza ikiisha ni saa moja. Na ukitaka kusoma haraka, angalia mshale mfupi unapoelekea, halafu soma namba iliyo ng'ambo ya pili. Saba inatazamana na moja. Nane inatazamana na mbili. Kumi na mbili inatazamana na sita. Mtoto akaenda kuweka ufito juu ya saa, ncha hii na ncha ile, namba kwa namba, mpaka zikaisha. Nimevaa saa miaka ishirini, sikuwahi kuliona hilo.

Mama wa Pennsylvania

Dada yangu, nimesoma uzi wote nikiwa na machozi. Nipo Marekani, watoto watatu, nawafundisha nyumbani kihalali kabisa. Huku inaruhusiwa majimbo yote 50 ila kila jimbo na masharti yake. Texas hutoi hata taarifa. Hapa kwetu Pennsylvania, mtoto kuanzia miaka 6 unapeleka hati ya kiapo ofisi ya wilaya ya shule, unafundisha siku 180 au saa 900 kwa mwaka kwa wa msingi, unatunza jalada la kazi zake, na mwisho wa mwaka mtathmini anakaa na mtoto, anaangalia jalada, anaandika barua ambayo lazima ifike kabla ya tarehe 30 Juni. Kuna rafiki yangu yuko Ujerumani, kule hairuhusiwi kabisa, mtoto lazima aende shule.

Shida yangu si hisabati wala sayansi. Shida yangu ni Kiswahili. Naongea nao Kiswahili, wananijibu Kiingereza. Bibi yao Tanga akipiga simu wanamwambia "shikamoo" halafu wanakimbia. Juzi bibi ameniuliza, "Hivi hawa wajukuu zangu mimi nitazikwa hawajui jina langu?" Sikulala.

Fundi Cherehani

Pole sana dada. Sina ujuzi wa huko ila nitakwambia ambacho ningefanya. Usianze na vitabu. Mpe bibi kazi. Kila Jumamosi bibi arekodi hadithi fupi kwenye simu, aanze "Paukwa!" na anyamaze. Watoto wakisema "Pakawa!" waendelee kusikiliza. Na hadithi aikate pale sungura ameshaingia shimoni na fisi yuko mlangoni, mpaka wao wamrekodie bibi kwa Kiswahili wakimwuliza imekuwaje. Bila kuuliza hadithi haiendelei. Mtoto hajifunzi lugha kwa sababu ni ya maana. Anajifunza kwa sababu kuna mtu anayempenda hawezi kumpata kwa njia nyingine. Na kanga utakazoletewa, usizifungie kabatini.

Muuza Nyanya

Samahani dada, nimesoma yote, ni mazuri. Ila wewe unashona nyumbani. Mimi nauza nyanya sokoni, natoka saa tisa usiku kwenda kufuata mzigo, narudi saa moja jioni. Baba yao hayupo. Sisi tufanyeje? Au haya ni ya wenye nafasi?

Fundi Cherehani

Mama yangu, swali lako limenigusa na sitakujibu kwa maneno matamu. Nilivyofanya mimi kwako haiwezekani, na usijilaumu hata kidogo. Mimi ningekuwa sokoni mtoto wangu angekuwa kwenye awali ya shule ya msingi ya jirani, anayoweza kwenda kwa miguu akiwa na wenzake. Awali ya serikali haina ada, na umbali wa kutembea ni bora kuliko basi zuri. Kagua tu kwanza njia, anavuka wapi, nani anampokea akirudi.

Halafu zile dakika 20 za jioni. Umechoka, najua. Lakini nyanya zako ndizo vizibo vyangu. Fungu moja nyanya ngapi? Mafungu matatu je? Akupangie ya kesho wewe umekaa umenyoosha miguu. Mteja ametoa elfu mbili, nyanya za mia saba, chenji ngapi? Mtoto wa muuza nyanya anaweza kuwazidi hawa wa kwangu kwa hesabu, nakwambia kwa moyo wangu wote. Kusoma mwandikie silabi mbili kwa chaki kwenye sakafu kabla hujatoka, ukirudi akusomee. Mbili tu. Kwa mwezi ni karibu sitini.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Nyanya ni sahihi kabisa. Na mama, ukimwandikisha, mwambie mwalimu wake unafanya kazi gani na unarudi saa ngapi. Tukijua hatutakuandikia barua ya kukuita saa nne asubuhi.

Fundi Cherehani

Nimeona ujumbe wa faragha mwingi mnauliza mwisho wake. Oktoba uandikishaji ulipofunguliwa tulimpeleka shule ya msingi ya serikali, dakika kumi na mbili kwa miguu, cheti cha kuzaliwa mkononi. Yupo darasa la kwanza sasa. Wiki ya kwanza alilia, sitawadanganya. Aliuliza kwa nini hawezi kurudi kwenye vifungo saa nne. Darasa limejaa, na kuna siku anarudi anasema leo mwalimu hakumfikia. Jioni tunakaa dakika zetu ishirini kama zamani.

Mdogo ana miaka mitatu na miezi minne. Jana nimekuta amepanga vizibo mstari mrefu barazani, kichwa chini miguu juu vyote, kaka yake ameinama anamgeuzia kimoja kimoja, anamwambia afumbe midomo. "Mmmm. Usitoe sauti nyingine. Mmmm."

Walioomba nieleze tulivyofundisha ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, nitaandika Jumapili. Nina sare sita za watu zinatakiwa kesho asubuhi.